Mtuhumiwa kapata dhamana, mtaa unawaka: kesi nyingi zinafia kituoni, hazifiki hata Kisutu

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu.

Haipiti wiki humu bila uzi wa "kibaka tuliyempeleka kituoni jana, leo nimemkuta kijiweni anakunywa kahawa". Majibu chini yake ni yale yale: polisi wamekula, hakimu naye kala, dawa yao tairi na petroli. Mimi ni wakili wa kujitegemea, nashinda Kisutu na kwenye mahakama za wilaya hapa Dar. Nimetetea washtakiwa, na nimekaa pia na walioibiwa waliokuja kuuliza kesi yao iliishia wapi. Rushwa ipo, sitaitetea. Ila majalada niliyoyasoma yananionyesha kitu kingine: kesi nyingi zinauawa kituoni, saa za mwanzo kabisa, tena na mtu mwenye nia njema ya kukomesha uhalifu. Amempiga mtuhumiwa, amepekua bila karatasi, ameandika maelezo siku ya tatu, simu ya wizi ameitia mfukoni mpaka Jumatatu. Miaka ikipita, jaji wa rufaa anafungua jalada na hakuna cha kushika.

Tuanze na dhamana, maana ndiyo inayowachoma watu.

Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Hakuna aliyesema hapo kwamba mtuhumiwa ni mtu mwema. Kilichosemwa ni kwamba dola isianze kumwadhibu kwanza halafu itafute ushahidi baadaye. Aliyedhaminiwa bado ana kesi. Kuna watu wamesaini kwa ajili yake, na akiruka dhamana wao ndio watakaoitwa kueleza aliko, au kulipa kiasi walichojifunga nacho.

Hapa niseme kitu ambacho hata baadhi ya wanaharakati wanakikosea. "Polisi hawaruhusiwi kukaa na mtu zaidi ya saa 24." Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hakijakata hivyo. Kinasema ikionekana haiwezekani kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kwake kuwa kubwa. Na akibakizwa ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa ugomvi wa wapangaji au wizi wa ndoo, saa 24 ni saa 24. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha mlango umeachwa wazi, na hilo "mapema iwezekanavyo" ndilo linalovutwa kama mpira. (Namba za vifungu ninazotaja ni zile tulizozizoea. Ukishika toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2025, baadhi zimesogea.)

Saa kali kuliko hiyo wengi hawaijui. Kifungu cha 50 kinampa askari saa nne za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Zikimshinda, kifungu cha 51 kinaruhusu nyongeza, isizidi saa nane. Muda wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi, wala ule anaosubiri au kuongea na wakili wake. Kabla ya swali la kwanza aelezwe anatuhumiwa nini, aonywe kwamba halazimiki kusema kitu, na akitaka kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, apewe nafasi. Afande anaweza kukataa, lakini awe na sababu za msingi za kuamini kwamba mawasiliano hayo yatamtorosha mshirika au kupoteza ushahidi. Kwa hiyo wanaosema sheria imemsahau aliyeibiwa hawajaisoma. Haki ya mtuhumiwa na hofu ya upelelezi kuharibika zimekaa humo humo.

Upekuzi nao uwe na hati au amri ya maandishi, labda iwe dharura ya kweli. Hati ya upekuzi itumike kati ya jua kuchomoza na kuzama, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Awepo shahidi huru, ndiyo maana mjumbe anaamshwa, na kilichochukuliwa kiandikiwe risiti yenye saini. Kisha kila mkono kitu kilikopita uonekane kwenye makaratasi: nani alikamata, nani alitunza, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu, nani alikirudisha. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili waziwazi kwenye rufaa ya Paulo Maduka na wenzake. Mkono mmoja ukikosekana kwenye makaratasi, ndipo debe la bangi linapogeuka debe lisilo na mwenyewe.

Karibuni, ila matusi hapana.

---

Mdau wa Mbagala:

Mkuu umeandika vizuri, lakini umeandika ukiwa ofisini kwenye kiyoyozi. Mwaka 2022 Panya Road walipokuwa wanaingia nyumba kwa nyumba na mapanga, hukusikia mtu anauliza kifungu cha 50. Watu walikuwa wanalala kwa zamu. Polisi walipoamua kupambana nao kikwelikweli ndipo tukalala. Haki za binadamu za mtu aliyekata mkono wa mama wa watu mimi sizijui.

---

Mleta mada:

Kaka, sikubezi. Uoga ule ulikuwa wa kweli, na polisi wana ruhusa ya kutumia nguvu, hata silaha, mtu anapowashambulia kwa panga. Swali langu ni moja: nani alikuhakikishia kwamba kila aliyeitwa Panya Road alikuwa Panya Road?

Rudi Januari 2006, mji huuhuu. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza tuliyopewa ilisema ni majambazi waliorushiana risasi na askari. Watu wakapiga makofi, nami nakumbuka hayo makofi. Baadaye tume chini ya jaji ikaonyesha kwamba hawakuwa majambazi kabisa. Askari wakashtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote, ushahidi haukutosha. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja.

Sasa ona ilivyokaa. Wale askari walipewa mawakili, wakasikilizwa, ushahidi dhidi yao ukapimwa kipande kwa kipande, na shaka ilipobaki ikawafaidisha. Ndivyo inavyotakiwa. Marehemu wanne hawakupewa hata dakika kumi za hayo.

---

Mdau wa Mbagala:

Hiyo ya Mahenge nakubali. Lakini ni moja. Sisi tunaongelea kila usiku.

---

Askari mstaafu:

Nimekaa upelelezi miaka mingi kwenye vituo vya mkoa huu. Wakili ana haki yake, ila niongeze upande ambao hajakaa.

Saa nne? Umemkamata mtu Gongo la Mboto saa tano usiku. Gari la kituo limeenda tukio jingine. Unamleta kwa bajaji kwa hela yako. Kituoni mpelelezi wa zamu ni mmoja na ana majalada mengine ya siku hiyo hiyo. Mlalamikaji amekimbizwa Amana kushonwa, hajaandika maelezo, kwa hiyo unamhoji mtuhumiwa huku hujui hata umuulize nini. Karatasi unanunua mwenyewe. Halafu baada ya miaka sita wakili anakuuliza kizimbani, "Shahidi, uliomba nyongeza ya muda kwa maandishi?"

Na sitasema uongo, makofi yapo. Mkubwa anataka jibu asubuhi, waandishi wako nje. Kumpiga mtu ni rahisi kuliko kufuatilia mtandao wa simu. Tatizo ukishampata amekiri kwa kipigo unaacha kutafuta. Simu hukuifuatilia, alama za vidole hukuchukua, jirani aliyeona hukumwandika. Mahakama ikiyatupa yale maelezo, huna kitu kingine kwenye jalada. Vijana wa siku hizi nawaambia waandike kila kitu na saa yake, hata kama saa inawaumbua.

---

Mleta mada:

Afande, hapo kwenye "unaacha kutafuta" umemaliza, ningekuwa na uwezo ningeibandika kila chumba cha mahojiano. Na suala la gari na karatasi silibishii. Saa nne zinamtaka mpelelezi awepo na awe na vifaa. Bunge lilitunga muda bila kuweka mafuta kwenye gari. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa Julai 2023, ilipendekeza upelelezi uwe na chombo chake kinachojitegemea. Watu walisoma ile kama habari ya siasa. Mimi naiona ni habari ya nani ana muda wa kufuatilia simu yako iliyoibiwa.

Halafu mahakama haziko ngumu kama tunavyodhani. Kuna hukumu za Rufani zilizofuta maelezo kwa sababu mtu alikaa sero siku kadhaa kabla ya kuandikwa, na kuna nyingine zilizoyapokea baada ya kuona upelelezi wenyewe ulikuwa wa kuzunguka mikoa.

---

Mwanafunzi wa sheria, Mlimani:

Samahani wakubwa. Darasani tunafundishwa mifumo miwili ya Profesa Herbert Packer wa Marekani, tangu 1964: mmoja unatanguliza kukomesha uhalifu na unapeleka kesi haraka kama mkanda wa kiwandani, wa pili unatanguliza haki za mtuhumiwa na ni mbio za kuruka viunzi. Sisi Tanzania tuko wapi? Na je, askari akikosea kidogo tu ushahidi wote unatupwa?

---

Mleta mada:

Mdogo wangu, Packer mwenyewe hakusema kuna nchi iliyokaa upande mmoja tu. Jibu la swali lako la pili ndilo linaloonyesha tulipo. Kifungu cha 169 hakisemi ushahidi uliopatikana kwa kukiuka taratibu utupwe moja kwa moja. Kinampa hakimu uamuzi. Anaangalia kosa lenyewe lina uzito gani, ilikuwa haraka kiasi gani, ukiukaji ulikuwa mkubwa au mdogo, na kama ushahidi huo huo ungeweza kupatikana kihalali. Anayetaka upokelewe ndiye anayebeba mzigo wa kumshawishi kwamba kuupokea kutaufaidi umma kwa uzito bila kuumiza haki za mtu isivyostahili.

Kwa hiyo bunduki iliyokutwa chini ya kitanda, karatasi ya upekuzi ikiwa na dosari ya tarehe, inaweza kupita. Maungamo ya mtu aliyening'inizwa hayapiti, na hapo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba yalitolewa kwa hiari. Kama mtu kweli anataka kuungama, mpelekeni kwa mlinzi wa amani, ofisa wa mahakama, akaandikwe huko. Naona wapelelezi wengi wanaikwepa njia hiyo wakati ingewaokoa.

---

Dada wa Tandika:

Jamani mimi si msomi. Mdogo wangu yuko mahabusu gereza la Keko kwa kesi ya mauaji. Kila tukienda mahakamani ni dakika mbili: upelelezi haujakamilika, hutakiwi kujibu chochote, mahakama hii haina mamlaka, rudi baada ya siku kumi na nne. Karandinga linaondoka. Mama anaumwa presha. Kama hawana ushahidi si wamwachie? Na kama wanao wanasubiri nini?

---

Mleta mada:

Pole sana dada, wewe na mama.

Nikueleze kinachotokea. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya chini inaipokea tu, inaishikilia mpaka upelelezi ukamilike na jalada lipite kwa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), ndipo shauri lihamishiwe juu. Siku ya kuhamishwa mdogo wako atasomewa maelezo ya mashahidi na ajue anakabiliwa na nini hasa. Ndiyo maana haambiwi ajibu. Akijibu leo, jibu halina kazi.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa kama mauaji yalitolewa kwenye kanuni hiyo. Kwa hiyo aliyeiba simu kanuni inamlinda, anayekabiliwa na kitanzi inamruka. Wenyewe wanasema mtuhumiwa wa mauaji huwezi kumwacha nje ukipeleleza, na mtu aliyefiwa anawaelewa kabisa. Mimi naona kama unamfungia ndani, basi saa inapaswa kukubana wewe unayemfungia kuliko inavyokubana mtuhumiwa akiwa nje.

La kufanya: uliza jalada liko wapi, kwa mpelelezi au ofisi ya mashtaka. Iandike namba ya kesi. Kwa mashtaka yenye adhabu ya kifo mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali Mahakama Kuu. Kabla ya hapo tafuta msaada wa kisheria, tangu sheria ya 2017 watoa huduma hao wanasajiliwa. Na mwambie yeye mwenyewe amweleze hakimu kama anaumwa au alipigwa. Hilo haliko nje ya mamlaka ya hakimu yeyote.

---

Mdau wa Mbagala:

Wakili, hapa kwa dada nimenyamaza kidogo. Lakini nauliza: makosa yasiyo na dhamana je? Si ndiyo yanayotulinda?

---

Mleta mada:

Hapo ndipo mahakama zetu zenyewe zimevutana. Kifungu cha 148(5) kinaorodhesha makosa ambayo ukishtakiwa dhamana hakuna: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Mwaka 1991, kwenye shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilitengua kipande cha kifungu hicho kama kilivyokuwa wakati ule. Msimamo ulikuwa kwamba jamii ina haki ya kujilinda na Ibara ya 30 inaruhusu haki za mtu zibanwe, ila sheria inayobana iwe na kinga dhidi ya uonevu na isibane kupita inavyohitajika. Mwaka 2018 ikafuata ile hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya kuzuia dhamana kwa saini yake tu. Rufani ikakubali kwamba ni batili, shauri la Mtobesya. Ukadhani mwelekeo umeshajulikana. Mei 2020 Mahakama Kuu ikatengua 148(5) yote, shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka uleule Rufani ikakirudisha kifungu hicho.

Mimi sikubaliani na uamuzi huo wa Agosti. Sidai mnyang'anyi apewe dhamana. Nataka hakimu amwangalie mtu aliye mbele yake: ana makazi, amewahi kutoroka, atawatisha mashahidi? Akiona hatari, amnyime. Orodha inamnyima kwa jina la kosa, na jina la kosa linaandikwa na anayeshtaki. Mawakili tulilalamika sana miaka ile utakatishaji fedha ulivyokuwa unabandikwa nyuma ya shtaka la kawaida, mtu anakaa gereza la Segerea, halafu siku moja kipengele hicho kinaondolewa kimyakimya.

Watakaobisha wabishe. Kuna wenzangu ninaowaheshimu wanasema orodha inamlinda hakimu asishinikizwe na matajiri, na hoja yao ina uzito.

---

Bodaboda Kimara:

Mimi nina swali la kijiweni. Juzi tumemkamata jamaa anachomoa betri za pikipiki. Wengine wakataka wamalize pale pale. Tuliobaki na akili tukamkatalia. Sasa siku nyingine tufanyeje ili kesi isife? Na pale kituoni wanatuuliza "mlimwona saa ngapi, mwanga gani", tunaona kama wanamtetea.

---

Mleta mada:

Mmefanya jambo kubwa kumkatalia. Yale ya "wananchi wenye hasira kali" kwenye taarifa za habari ni mauaji tu, na atakayewasha kiberiti anaweza kukaa Keko kuliko mwizi wa betri.

Raia ana ruhusa ya kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa lililotajwa na sheria, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mfungeni kwa kiasi cha asikimbie, basi. Piga picha betri ikiwa mkononi mwake au pale ilipodondoka. Msipokezane betri watu kumi. Aikamate mmoja, huyo huyo aikabidhi kituoni na aone inaandikwa, hata ile alama mnayochora kwa rangi iandikwe. Mwenye pikipiki aende na kadi. Chukueni namba ya RB, ile ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Aliyeumia achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku ile ile.

Na polisi hawamtetei mwizi wanapouliza mwanga. Tangu Waziri Amani mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka kujua kwa tukio la usiku mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, mlikuwa mbali kiasi gani, mlimtazama kwa muda gani, na kama mlimjua kabla. Ukisema "taa ya nguzo ya tatu, hatua tano, namjua anauza maji stendi", kesi imesimama. Ukimtaja siku ile ile kwa mtu wa kwanza uliyekutana naye, ni bora zaidi. Ukikaa wiki mbili ndipo ukakumbuka jina, wakili kama mimi atakusumbua, na kwa kweli nitakuwa nafanya kazi yangu.

---

Bodaboda Kimara:

Sasa anayekwenda kutoa ushahidi nauli nani anampa? Tulienda mara ya kwanza kesi ikaahirishwa. Mara ya pili ikaahirishwa. Mara ya tatu watu wakabaki kijiweni.

---

Askari mstaafu:

Hapo ndipo nyingine zinapofia, wakili. Usiseme kituoni tu.

---

Mleta mada:

Kweli, afande. Kisheria shahidi wa jamhuri anastahili kulipwa gharama zake, kivitendo anaambiwa bajeti haijaingia. Bodaboda, mkiitwa tena mwambieni mwendesha mashtaka kabla ya kesi kuitwa kwamba mpo ukumbini, amtajie hakimu majina yenu na mwenendo uandikwe mashahidi walikuwepo. Hakimu akiona hilo kwenye jalada lake huwa mgumu kuahirisha tena, na upande unaochelewesha unaonekana ni upi. Nauli ya siku hiyo idaini palepale kwa karani, msisubiri mfike Kimara.